Nguo Isiyo na Uzi

Kwa miaka kumi na minne dobi hakuwahi kuvaa nguo ya mteja, hata kitambaa cha kufutia jasho. Wapo madobi, na tunawajua, wanaokwenda harusini Jumamosi na suti ya mtu, kisha Jumatatu wanamrudishia mwenyewe ikiwa imefuliwa mara mbili. Yeye hakuwa wa kundi hilo. Alisema dobi wa namna hiyo ni sawa na mpishi anayeonja kwenye sahani ya mgeni, na akishasema hivyo huitua pasi kwa kishindo kana kwamba kuna mtu amembishia.

Siku aliyovunja mwiko wake ilikuwa Jumatano, saa mbili asubuhi, na aliuvunja mara tatu kwa mpigo.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na ua. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, rafu za mbao zilizopangwa nguo zilizokunjwa, na harufu ya sabuni iliyokwisha kuingia kwenye kuta. Nyuma ya pazia walilala wanne: dobi, mama yake mzazi, na watoto wawili wa kaka yake. Kaka huyo alifariki mwaka juzi, na mke wake alikuwa ametangulia. Mtoto mkubwa, mvulana wa miaka kumi, aliitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Mdogo, msichana wa miaka sita, aliitwa Meneja. Huyu kazi yake ilikuwa kusimama juu ya ndoo iliyofudikizwa na kuwakagua watu wazima.

Nguo ziliingia kwa magunia. Tarishi wa maofisi alizileta Jumatatu na kuzichukua Alhamisi, hivyo wateja wengi dobi hakuwajua kwa sura. Aliwajua kwa nyuzi. Kila mteja alikuwa na rangi yake, mshono mdogo uliotiwa ndani ya kola au ndani ya kiuno, ili nguo zikichanganyika kambani kila moja ipate njia ya kurudi kwao. Uzi wa kijani ulikuwa wa familia yenye binti mdogo anayevalishwa magauni ya marinda saba. Uzi mwekundu ulikuwa wa bwana mmoja asiyejua kula mchuzi. Na uzi wa zambarau ulikuwa wa mwanamke ambaye nyumba nzima ilimwita Bi Zambarau.

Bi Zambarau walimsema sana, lakini kwa mapenzi. Kila nguo yake ilikuwa na wino kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiganja, na mifukoni mwake mlitoka vipande vya penseli, pipi na tiketi za basi. Sheria ya nyumba ilikuwa kwamba kilichomo mfukoni hurudi pamoja na nguo. Meneja aliiona sheria hiyo kuwa ya kikatili, hasa upande wa pipi, lakini aliitii. Siku moja tiketi ilisahaulika mfukoni ikalowa. Dobi aliianika kwa kibanio, akaipiga pasi, akairudisha imenyooka kuliko ilivyotoka kwa kondakta.

Jioni, wakati wa kuanua, Meneja alipanda ndoo yake, akachungulia kola moja baada ya nyingine na kutangaza. "Kijani. Nyekundu. Zambarau, na wino wake." Ikifika nguo isiyo na alama yoyote alisema, "Hii haina uzi." Dobi alijibu bila kugeuka, "Basi hiyo ni ya kwetu. Iweke ndani." Walifanya hivyo kila siku mpaka ikawa kama sala.

Sasa tuseme kwa nini mwiko ulivunjwa.

Miezi mitatu nyuma, mvua ilinyesha wiki tano mfululizo. Nguo hazikukauka, wateja wakakasirika, magunia yakapungua kutoka tisa hadi manne. Mama yake dobi akaanza kuumwa mguu. Redio akarudishwa nyumbani kutoka shuleni mara mbili kwa kukosa viatu na daftari, na safari ya pili hakusema neno tangu mchana hadi alipolala, jambo lililomtisha shangazi yake kuliko homa. Kesho yake dobi alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Kijana wa mapokezi akampa fomu, naye akaandika kwa mwandiko mzuri kwamba anaomba watoto wapokelewe kwenye makao ya watoto, maana yeye hana uwezo tena. Alipomaliza alitoka nje, akaketi kwenye ngazi, akalia mpaka mlinzi akamletea maji.

Alimwambia mama yake tu. Watoto hawakujua.

Halafu ikaja barua. Ilisema kabla mtoto hajapelekwa popote, upo ufadhili wa serikali wa kuwasaidia watoto walio katika shida wabaki na ndugu zao, na kwamba afisa angefika nyumbani Jumatano kuona hali. Dobi aliisoma barua hiyo mara nyingi hata ikaanza kuchanika kwenye mikunjo. Wakati ule mvua ilikuwa imekatika, magunia yalikuwa yamerudi mawili matatu, na yeye alikuwa amekwisha kujua kwamba ile fomu aliijaza kwa mkono tu. Moyo haukuwamo. Lakini fomu ilikuwa kwenye faili, na faili lilikuwa kwa afisa.

"Akituona tumechakaa, atawachukua," alimwambia mama yake usiku wa kuamkia siku hiyo.

"Akituona tumependeza, atasema hatuna shida, atarudi na hela zake," mama yake akajibu. "Vaa zako, mwanangu. Lala."

Dobi hakulala wala hakusikia. Zake zilikuwa mbili tu. Gauni moja lilikuwa na alama ya pasi kifuani, kubwa, yenye ncha na kila kitu, alama ambayo dobi yeyote angeona haya kuonekana nayo. La pili lilikuwa limefifia hata mtu asijue lilianza na rangi gani. Basi asubuhi akasimama mbele ya rafu, akafumba macho kidogo kama mtu anayemeza dawa chungu, akachukua gauni la bluu lenye kola nyeupe. Lilikuwa la Bi Zambarau. Lilimkaa kana kwamba alipimwa. Redio akapewa shati la mtoto wa uzi wa chungwa, na Meneja akavalishwa gauni la kijani la marinda saba.

"Shangazi, hizi si za watu?" Redio akauliza.

"Leo redio imezimwa," dobi akasema. "Mgeni akija, shikamoo, halafu kimya. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Lakini kama ataniuliza..."

"Imezimwa."

Bibi yao aligoma kabisa kuvaa cha mtu. Alikaa kwenye kigoda chake na kanga zake zilizotoboka. "Mimi nina miaka sabini na mbili," alisema. "Serikali ikitaka kuniona, ndiye huyu."

Saa nne kamili hodi ikabishwa mlangoni. Aliingia mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye viatu vilivyotembea sana na mkoba uliojaa karatasi. Alimwamkia Bibi, akawasalimu watoto kwa kuwapa mkono mmoja mmoja, akakaribishwa kiti. Watoto wakaamriwa kwenda nyuma ya pazia mpaka waitwe. Afisa akatoa faili na kalamu.

Kalamu akaishika kwa mkono wa kushoto.

Dobi aliuona mkono huo ukianza kuandika, akaona kalamu inavyovuja, na kwenye pindo la mkono wa blauzi ya afisa akaona doa. Doa hilo alilijua. Lilikuwa na umbo lake, refu upande mmoja na la duara upande wa pili, na alikuwa amepambana nalo kwa ndimu na chumvi kila wiki kwa miaka mitatu. Hakuhitaji kuchungulia kola. Bi Zambarau mwenyewe alikuwa ameketi nyumbani kwake, akikunja miguu, akiomba maji ya kunywa, na yeye dobi alikuwa amevaa gauni lake.

Kama ardhi ingekubali kupasuka angeingia na pasi yake. Haikukubali, basi akaenda kuchukua maji. Pindo la mkono wa kushoto wa gauni lile lilikuwa na kivuli cha wino ambacho hakikuwahi kutoka kabisa, kwa hiyo aliufunika mkono wa kushoto kwa wa kulia. Tatizo ni kwamba mtu hawezi kumimina maji akiwa ameshikilia mikono yake yote miwili. Alimimina mengine mezani.

"Umeumia mkono?" afisa akauliza.

"Hapana. Ni baridi tu."

Bibi akamtazama bintiye, kisha akalitazama jua lililojaa mlangoni.

Afisa aliuliza maswali yake taratibu. Wanalala wapi, wanakula mara ngapi, Redio yuko darasa la ngapi, nani huwapeleka hospitali. Dobi alijibu vizuri pale alipokumbuka kusikiliza. Mara mbili aliona macho ya afisa yakitua kwenye kola yake nyeupe na kuondoka. Kisha afisa akafungua ukurasa wa mwisho wa faili, na sauti yake ikashuka.

"Hapa uliandika kwamba unaomba watoto wapokelewe kwenye makao. Ni mwandiko wako huu?"

"Ni wangu."

"Bado unataka hivyo?"

Dobi alifungua mdomo. Alikuwa amejiandaa kwa swali hilo siku tisa, alikuwa na maneno ya kiofisi kabisa, yote yakapotea. "Sikutaka hata siku ile," alisema. "Nilikuwa nimeshindwa. Niliona heri wakale kwa watu kuliko walale njaa kwangu. Nimejuta tangu kwenye ngazi za ofisi yenu. Ukiniachia watoto hawa nitafua hata mapazia ya nchi nzima."

Nyuma ya pazia kitu kilianguka. Lilikuwa beseni. Redio alikuwa ameliegemea akitega sikio. Alikuwa amesikia neno makao, na Meneja pia alikuwa amelisikia.

"Waite tu waje," afisa akasema.

Redio akatoka, macho chini, mikono ya shati la watu ikimfikia vidoleni. Meneja hakuonekana. Walisikia anahangaika huko nyuma, akihema, kisha pazia likasogea naye akatokea. Alikuwa amevaa kigauni chake cha siku zote, kilichofupishwa mara mbili na kurefushwa mara moja, na mikononi alibeba gauni la marinda saba alilolikunja vibaya. Hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akaliweka kwenye rundo la kijani, akaligonga gonga likae sawa.

"Meneja," dobi akasema, "mbona umevua nguo yako?"

"Si yangu. Ina uzi."

"Uzi gani?" afisa akauliza.

Hapo Redio alimtazama shangazi yake, shangazi akainamisha kichwa, na redio ikawaka. Ikaeleza yote bila kupumua: magunia, tarishi, rangi, kola, kamba, ndoo, na kwamba mwenye uzi mwekundu hajui kula mchuzi. "Nguo yenye uzi hurudishwa Alhamisi," alimalizia. "Isiyo na uzi ni ya hapa hapa."

Meneja akamsogelea afisa. Aligeuka, akainama, akajishika kola ya kigauni chake na kuigeuza nje kwa vidole viwili, kama anavyofanya kambani.

"Tazama," alisema. "Mimi sina."

Afisa aliitazama kola ile. Aliitazama muda mrefu, akapitisha kidole kwenye mshono. "Kweli," akasema. "Huna."

Basi dobi hakuweza tena. Akasimama katikati ya chumba, akauachia mkono wake wa kushoto, akaunyoosha mbele. "Na mimi nina uzi," alisema. "Wa zambarau. Gauni hili ni lako, mama. Nimekufulia miaka mitatu na leo ni mara ya kwanza kuvaa kitu chako, sijawahi kuvaa cha mteja yeyote. Niliogopa utaona zangu utasema watoto hawana pa kukaa. Andika tu. Wao hawana kosa, kosa ni langu."

Afisa alilegeza uso, akakaza, akalegeza tena, halafu kicheko kikamtoka, kicheko kizima cha tumboni hata faili likateleza magotini.

"Mimi tangu niingie najiambia, mama huyu ana gauni kama langu," alisema akifuta macho. "Nikasema labda tunanunua duka moja. Nikaona na wino. Nikasema hapana, duka haliuzi wino." Akainama kuokota karatasi. "Kumbe wewe ndiye uliyenipigia pasi tiketi ya basi."

"Ilikuwa imelowa," dobi akasema kwa unyonge.

"Niliionyesha ofisi nzima. Nilisema, popote alipo mtu huyu, nyumba yake ina utaratibu." Kisha akaacha kucheka, akavuta kiti karibu. "Nisikilize, mama. Ungekuwa na magauni kama haya kabatini, mimi ningekuja kufanya nini? Sitafuti nyumba yenye vitu. Naangalia mambo mawili. Watoto wana mtu, au hawana? Na kama wanaye, mtu huyo amepungukiwa na nini? La kwanza nimejibiwa sasa hivi na mwenye kola. La pili niambie wewe, bila haya."

Dobi akamwambia. Viatu, madaftari, chakula cha wiki ya mvua, dawa ya mguu wa Bibi. Aliyasema polepole, na kila alilosema liliandikwa kwa mkono wa kushoto.

"Siwezi kukuahidi," afisa alisema akifunga mkoba. "Kamati ndiyo inaamua. Nitaandika nilichokiona, na kwa kuwa wewe ni dobi wangu, mwenzangu mmoja atakuja naye aone kwa macho yake, mtu asije akasema nimekupendelea. Na kuanzia Jumatatu nguo zangu nitafua mwenyewe, mpaka faili hili litoke mikononi mwangu."

"Na wino wote huo?" Bibi akauliza. Ndilo neno lake la kwanza tangu salamu. "Mungu akusimamie."

Mwenzake alikuja wiki iliyofuata, kijana mkimya, na safari hiyo dobi alimpokea akiwa na gauni lenye alama ya pasi kifuani. Kijana aliitazama alama, akaandika, akanywa chai, akaondoka. Baada ya hapo ikawa kungoja. Jumatatu tano tarishi alileta magunia bila uzi wa zambarau, na kila Jumatatu Bibi alisema, "Sijui anatembeaje huko mtu yule." Dobi alipiga pasi, alifua, alipika, na kila hodi ilipobishwa mlangoni aliitua pasi akakimbilia kufungua.

Jumatatu ya sita tarishi alishusha gunia, juu yake bahasha. Dobi aliitambua mihuri, akampa Redio. Redio akaifungua, akaisoma kwa sauti ya taarifa ya habari. Kamati imeridhia. Watoto wawili waliotajwa wataendelea kuishi na shangazi yao. Ufadhili utatolewa kila mwezi kwa ajili ya shule, chakula na matibabu, na hali yao itaangaliwa upya kila mwaka.

"Rudia pale," dobi akasema.

"Wapi?"

"Wataendelea kuishi."

Akarudia. Akarudia tena. Mara ya nne alikuwa amekwisha kutoka nje anawasomea jirani, muuza mkaa na mtu aliyekuwa anapita zake. Bibi alishangilia kwa vigelegele akiwa ameketi, maana mguu ulikataa lakini koo lilikuwa zima. Dobi alicheka, akalia, akambeba Meneja akamzungusha, na wakati wote huo pasi ilikuwa imelala juu ya lile gauni lake la pili. Moshi ndio uliowashtua. Sasa magauni yake yote mawili yalikuwa na alama, moja kifuani na jingine mgongoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliunguza nguo akaona inachekesha.

Gunia lile lilikuwa la Bi Zambarau. Faili lilikwisha kuhamia kwa yule kijana mkimya, naye aliruhusiwa tena kuwa na dobi. Magauni aliyojaribu kufua mwenyewe yalionekana. Wino ulikuwa umesambaa hadi kwenye viwiko. Mfukoni mlikuwa na pipi mbili zilizofungwa kwa karatasi. Meneja akazitoa kwa heshima, akazipeleka kwenye mfuko wa vitu vya kurudisha, uso umemwanguka, mpaka Redio alipoinyakua karatasi akaisoma: "Hizi zisirudi." Ilikuwa siku kubwa sana kwa upande wa sheria.

Fedha za kwanza zilipoingia walinunua viatu, madaftari na sare mbili, maana Meneja naye alikuwa anaanza darasa la kwanza. Dobi alizifua sare hizo kabla hazijavaliwa, akazitia wanga, akazianika pamoja na nguo za wateja. Jioni wakatoka kuanua. Meneja alipanda ndoo yake.

"Nyekundu," alitangaza. "Chungwa. Zambarau. Ya wino. Kijani. Zambarau tena."

Kisha akafika kwenye zile sare mbili. Zilikuwa mpya, bado ngumu, na moja ilikuwa na ukubwa wake yeye. Akaigeuza kola ya ile ndogo, akachungulia upande mmoja, akachungulia wa pili. Akaifanyia hivyo hivyo ya kaka yake. Dobi alisimama na kapu mikononi, safari hii amegeuka, anamtazama.

"Shangazi, hizi hazina uzi."

"Una hakika?"

Meneja akachungulia tena, kwa makini, maana kazi ni kazi. "Hazina."

"Basi hizo ni za kwetu," dobi akasema. "Ziweke ndani."